Wiki Ijayo Haichelewi

Ofisini kwetu mkaguzi wa hesabu akija tunampa chai na kuendelea na shughuli. Kinachotutoa jasho ni faili moja la Excel linaloitwa "Ufuatiliaji". Lina safu nne: kazi, mhusika, tarehe ya mwisho, hali. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi linamulikwa ukutani kwa projekta, na kazi yoyote iliyopitwa na tarehe inageuka nyekundu yenyewe, bila kumsubiri mtu ajieleze. Bosi haulizi kazi imefikia wapi. Anauliza, "Hii nyekundu ya nani?"

Ni yangu. Siku zote ni yangu.

Sisi tunachimba visima vijijini kwa fedha za mfadhili, na mimi ndiye mwandishi wa taarifa. Taarifa ya kisima haiandikwi kabla kisima hakijatoa maji, maji hayatoki bila pampu, na pampu analeta kaka wa manunuzi. Akichelewa yeye, nawaka mimi. Mstari wake uko juu ya wangu, na tangu kabla ya Ramadhani umetulia tuli, kijani kibichi. Kwenye safu ya tarehe ya mwisho ameandika: wiki ijayo.

Huyu bwana anajua anachokifanya. Ukitazama kwa makini, tarehe zetu sisi wengine zimejibanza upande wa kulia wa kisanduku, na "wiki ijayo" imeegemea kushoto kwa raha zake. Kwa Excel, tarehe ni namba tu, hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. 1 Januari 2000 kwake ni 36526. Fomula yetu ya nyekundu inaangalia kama namba hiyo ni ndogo kuliko ya leo. Sasa, kwa sheria za Excel, neno lolote ni kubwa kuliko namba yoyote. "Wiki ijayo" ni kubwa kuliko leo, kubwa kuliko mwakani, kubwa hata kuliko 31 Desemba 9999, ambayo ndiyo siku ya mwisho inayoitambua. Pampu zinaweza zisije mpaka parapanda ilie, na mstari wake usibadilike rangi.

Nililipeleka kwa bosi.

"Bosi, huyu hajaandika tarehe."

"Ana nyekundu?"

"Hana, lakini..."

"Basi mwache mwenzako afanye kazi."

Nikamfuata mwenyewe mezani kwake. "Kaka, pampu lini?" Akanishika bega kama ananipa pole ya msiba. "Mdogo wangu, si nimeandika pale?"

Wapo wanaosalimika kwa bahati tu. Dada wa masjala anaandika "15 Machi", Kiswahili safi, na kompyuta zetu zimepangwa kwa Kiingereza, Machi haziijui; zinaona ni maneno na kumpitisha. Uzalendo una faida zake. Mhasibu yeye aliacha kisanduku wazi, akidhani amejificha. Kumbe kwenye fomula kisanduku kitupu kinahesabiwa sifuri, na katika jedwali la muhtasari linalokwenda kwa mfadhili, sifuri hiyo ikatokea imevaa tarehe: 00/01/1900. Malipo ya wachimbaji yakaonekana yamechelewa kwa zaidi ya siku 45,000. Yaani fundi wetu alitakiwa awe amelipwa enzi za Mjerumani, kabla hata ya vita vya Majimaji. Mfadhili hakucheka. Alituma barua pepe kutaka sababu za ucheleweshaji huo na mkakati wa kuhakikisha haujirudii. Mhasibu alijibu ukurasa mzima, na kwa ninavyomfahamu, sababu ya kwanza ilikuwa mtandao.

Mimi nisiye na ujanja ndiye ninayeumia. Fomula ya siku za kazi inaruka Jumamosi na Jumapili tu. Sikukuu unaziorodhesha mwenyewe. Sabasaba na Nanenane hazina taabu, ziko palepale kila mwaka. Idi je? Idi inangoja mwezi uandame, na mwezi hauandami kwa kufuata mpango kazi. Jedwali likanitaka niwasilishe taarifa Idi Mosi. Kesho yake sahani ya pilau bado iko mkononi, watoto wamevaa nguo mpya, mimi kule ofisini nimeshaiva nyekundu.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba huyu hakimu mwenyewe hesabu zake si safi. Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900. Haikuwepo, mwaka ule Februari iliishia 28. Kosa lilikuwa la Lotus 1-2-3, programu iliyotamba kabla yake, na Excel ilipokuja kushindana nayo ililirithi makusudi, ili mafaili ya kule yasomeke huku. Wanalijua, na wameliacha. Miaka yote hii inatunza siku ambayo haikupambazuka kokote duniani, halafu mimi siku moja ya Idi hainisamehe.

Jumatatu moja bosi akasimama mbele ya ukuta, akaelekeza kidole kwenye mstari wa manunuzi. "Muda wote huu hajawahi kuwa nyekundu hata mara moja. Igeni kwa mwenzenu." Watu wakaiga. Dereva akaandika "gari likitoka gereji". Mhandisi, "mvua zikikata". Mhasibu, safari hii hakuacha wazi: "fedha zikiingia".

Niliyasoma yale nikanuna, kisha nikaona ndiyo mara ya kwanza jedwali lile limesema kweli. Katika visima vyetu vyote hakuna hata kimoja kilichowahi kungoja tarehe. Vimengoja gari, vimengoja fedha, vimengoja matope yakauke, vimemngoja kaka wa manunuzi. Tarehe tulikuwa tunazipachika tu ili safu isikae tupu.

Wiki iliyofuata ukuta mzima ukawa kijani. Muhtasari ukaenda kwa mfadhili, na majibu yakarudi upesi kuliko kawaida yao: wamefurahi mno, hawajapata kuona mradi usio na hata kazi moja iliyochelewa, na wanaomba taarifa fupi ya jinsi tulivyofanikiwa, ili ofisi zao za nchi nyingine zijifunze.

Taarifa ni mimi. Nikafungua faili niandike "kaka akileta pampu". Nikakuta bosi ameshanijazia kisanduku, kwa tarakimu, upande wa kulia.