Pongezi kwa karakana isiyomkata mtu kidole

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA USALAMA KAZINI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa Muleba. Kijana wangu yuko mkondo wa amali, fani ya useremala, katika sekondari ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu mkuu wa shule ana watoto wa kulisha. Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024, shuleni kwao hakuna aliyekatwa na msumeno, hakuna aliyejigonga nyundo, hakuna aliyeingiwa na vumbi la mbao machoni. Siri ya mafanikio haya ni nyepesi: msumeno hakuna.

Randa ipo, imechorwa ubaoni. Kijana anaijua vizuri mno, anataja sehemu zake zote akiwa amefumba macho. Mlango wa banda la mbuzi ulipoanza kukwama, nikamwazimia randa kwa jirani, nikamwambia aupunguze kidogo kwa chini. Aliigeuza mara mbili, akaniuliza kwa adabu: "Tata, nieleze au nichore?"

Kisha madawati ya shule yakavunjika. Akaitwa fundi wa barabarani, mtu wa darasa la saba, akaja na bodaboda na mfuko wake wa vifaa. Akafanya kazi chini ya mparachichi, na kabla ya saa ya chakula madawati yamesimama. Wakati huo wanafunzi wa useremala wako darasani, hatua chache kutoka hapo, wananakili umuhimu wa useremala katika jamii. Mmoja wao akachungulia dirishani kuona mbao zinavyounganishwa. Akaadhibiwa kwa kutofuatilia somo.

Mheshimiwa, ufundi kwetu si mgeni. Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, watangulizi wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zao katika jarida la Science: tanuri zile zilitoa chuma cha pua, na hewa iliyovukutwa ilipashwa moto kwanza kabla haijafika kwenye mkaa. Wale wazee, nadhani, walianza na udongo na moto, notisi wakaziacha kwa baadaye. Leo wajukuu wao wanaosomea uchomeleaji wanasubiri mashine, na mashine ikija itasubiri umeme, ambao mkoa huu kwa miaka mingi umeununua Uganda.

Sisemi hatujaletewa kitu. Burugo, Bukoba Vijijini, tumejengewa chuo cha VETA kwa msaada wa China, kina karakana za kweli, tunashukuru. Ila chuo kile kiko kule, na ubao wenye randa uko huku. Wala sisemi kudharau ufundi ni jambo jipya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi ziliipokea kwa kuwapa majembe wanafunzi waliochelewa namba. Waliowahi waliruhusiwa kubaki darasani na kuelimika. Tangu hapo kazi ya mikono imebaki na harufu ya adhabu, na mtoto akifeli ndipo tunamwambia akajifunze ufundi. Mimi mwenyewe nimewasikia wazazi wakisema hivyo, hata kwenye vikao vya harusi.

Sasa ombi, Mheshimiwa, maana pongezi bila ombi si barua ya Mtanzania. VETA wanao utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti. Ruhusu shule zituchukulie watu hao: yule wa madawati apimwe, apewe cheti, alipwe kwa siku mbili za wiki, na kijana wangu asimame ubavuni mwake akishika mbao. Madawati ya shule yatengenezwe na wanafunzi wa shule, hata kama mguu mmoja utatoka mfupi. Fedha za kumlipa fundi wa nje zinunue misumeno, patasi na gundi.

Kundi la kwanza la amali linafika kidato cha nne mwaka 2027. Tunaomba vifaa vifike kabla ya mtihani. Vidole tutavifunga bandeji wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Muleba.