Kwa Wakubwa Mliokaa na Pesa Yangu Njiani

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka milimani Bwesumbu. Sisi hatujambo, kahawa haijambo, na pesa yangu natumaini haijambo huko mlikoilaza. Ilitoka Bwera Jumamosi asubuhi. Mnunuzi wangu alinisomea meseji kwa sauti: imetumwa, salio limepungua, ada imekatwa. Simu yangu mimi ikakaa kimya kama haimjui. Hongereni. Watu wawili waliouziana kahawa miaka yote bila karatasi, sasa kila mmoja anamwona mwenzake tapeli.

Binti wenu wa huduma kwa wateja, mwenye sauti tamu kweli, alisema muamala unashughulikiwa, nivute subira saa 72. Sikutaka kumsumbua na habari za wachumaji waliokuwa wamekaa juu ya magunia matupu uani kwangu, wengine na watoto mgongoni, wakingoja ujira wa wiki. Niliwaambia ni mtandao. Mama mmoja akaniuliza huyo mtandao anakaa nyumba ipi, aende akamdai mwenyewe.

Mtaniwia radhi kuwakumbusha maana ya muamala, ambao ndio kazi yenu. Mwaka 1993 wataalamu wawili, Maurice Herlihy na Eliot Moss, walipendekeza prosesa ya kompyuta ifundishwe muamala humohumo ndani ya chuma chake. Inaanza kazi, inaandika mabadiliko pembeni, na sehemu nyingine ikiigusa namba ileile kabla haijamaliza, yote yanafutwa na hesabu inabaki kama ilivyokuwa. Ama imekamilika yote, ama haikutokea. Nusu yake haionwi na mtu. IBM wakaiweka kwenye mitambo yao mikubwa, na mwaka 2013 Intel wakaitia kwenye prosesa za Haswell, za kompyuta za watu wa kawaida. Kumbe hata mizani ya kahawa ya huku kwetu inalijua hilo: pesa isipotoka, gunia nalirudisha nyumbani, na hakuna atakayenidai ada ya kulipima.

Najua mtajitetea kwamba hata Intel walikosea. Kweli. Agosti 2014 walikiri kipengele hicho kina kasoro, wakatoa sasisho la kukizima. Nawaomba mlisome neno hilo taratibu: kukizima. Walipoona hakiaminiki, walikiondoa kazini. Nyinyi chenu hakiaminiki mwaka wa ngapi huu, na kila kikikwama mnakata ada kwanza. Hata serikali yetu ya Uganda, iliyotuletea kodi ya asilimia 1 ya pesa za simu Julai 2018 ikapigiwa kelele mpaka ikashuka hadi nusu, sasa hungoja mtu atoe pesa ndipo ichukue chake. Mmeweza kumfanya mtoza kodi aonekane muungwana.

Basi, kwa kuwa kurudisha pesa kumewashinda, naomba mtujengee nyumba ya wageni ya pesa zilizo njiani. Kiwanja napendekeza Kikorongo, pale barabara ya Bwera inapokutana na ile ya Kasese, ili tutokao pande zote mbili tugawane nauli sawasawa. Iwe na uzio imara, maana tembo wa mbugani hupita, na sitaki kuambiwa muamala wangu umekanyagwa. Mlangoni akae karani mwenye daftari: pesa ya nani, imeingia lini, inaendeleaje. Saa za kuona wageni ziwe mchana na jioni. Tutakuja na familia, tutakaa kwenye benchi, tutaitazama dirishani, na karani atatueleza kwa upole kwamba imepungua kidogo kwa ajili ya ada za malazi. Zilizokaa muda mrefu zitengewe chumba chao, zisizikatishe tamaa zile zinazoingia. Sikukuu tutaleta kwaya.

Mengine ni madogo. Badilisheni ule muziki wa kumngojesha mtu, kwani mwanangu anauimba akioga. Acheni kuniita “mteja wetu mpendwa.” Na hizo meseji za mikopo! Mmekalia pesa yangu, halafu mnanikopesha nyingine kwa riba, wakati ningekuwa na yangu nisingehitaji yenu. Kwenye wizi wa barabarani angalau mtu humwona mwizi uso. Samahani, nimepandisha sauti; ni baridi ya milima.

La mwisho, naomba barua yenye mhuri, niipeleke Bwera kwa mnunuzi wangu, ikisema kwamba mimi si mwongo na yeye si mwongo. Mkinitoza kwa barua hiyo, kateni kwenye simu yangu wakati wowote. Ada yenu haijawahi kukwama njiani.

Wenu mtiifu, kwa kuwa sina pa kwenda,

Mkulima wa kahawa, Bwesumbu