Baa Iliyonenepa Baada ya Kufa

Baa yetu ya Magomeni ilibomolewa katikati ya miaka ya 1990, na tangu hapo haijaacha kukua. Ilipokuwa hai ilikuwa na meza chache za mbao, ua wenye mwembe mmoja, jukwaa la zege lisilotosha bendi nzima, na choo kilichojitangaza chenyewe kabla hujauliza kiko wapi. Leo, ukiwasikiliza wazee wenzangu kwenye kijiwe cha kahawa, ilikuwa na ukumbi wa watu elfu moja, bustani ya maua, mpishi aliyejifunzia kazi melini, na taa za rangi zilizoonekana hadi Jangwani. Mwembe umeshakuwa mitatu. Mungu akinipa umri, nitasikia kwamba palikuwa na bwawa la kuogelea.

Jina lake silitaji. Mwenye baa alishatangulia mbele ya haki, lakini watoto wake wapo, na mmoja wao ni mwanasheria.

Mahali pale sasa pana ghorofa lenye maduka ya simu chini na ofisi juu, na Barabara ya Morogoro iliyo jirani inapitisha mabasi ya mwendokasi tangu mwaka 2016. Kila ninapopanda basi hilo na rafiki yangu mmoja, tukikaribia kituo hunyoosha kidole dirishani na kusema kwa uchungu, “Pale!” Kila safari kidole kinaangukia jengo jingine.

Nianze na chakula, maana uongo mwingi umejificha huko. Ubao wa vyakula ulining’inia kwenye nguzo ya mlangoni, umeandikwa kwa chaki: pilau, biriani, kuku wa kukaanga, samaki wa nazi, maini rosti. Maandishi yale hayakufutwa wala kubadilishwa, hadi chaki ikageuka kuwa rangi ya ubao wenyewe. Mhudumu wetu, mama mmoja mpole kupita kiasi, alikuacha uagize kuanzia juu. Pilau? “Imeisha.” Biriani? “Imeisha, mwanangu.” Hakuwahi kusema hakuna. Alisema imeisha, ili ujue kwamba ilikuwepo, wenzako wamekula, wewe ndiye uliyechelewa. Ulipofika kwenye maini umeshachoka, ndipo akakufungulia siri kwamba kuna ugali na nyama choma. Mwenzetu mmoja aliamua kuiwahi ile biriani, akafika saa nne asubuhi wakati baa ndiyo kwanza inafagiliwa. Ilikuwa imeisha.

Nyama ya kuchoma ilikuwepo kweli. Ulipimiwa kilo mbele ya macho yako, ikaingia jikoni, ikarudi nusu kilo. Ukilalamika, mchomaji alikujibu kwa upole kwamba moto umekula. Moto wa baa ile ulikuwa na hamu ya kula kuliko wateja wote. Hicho kilichobaki kilitafunwa kwa kufuata muziki. Nyimbo za dansi za siku zile zilikuwa ndefu: kwanza waimbaji wakusimulie kisa chote, mume, mke, jirani mchonganishi na mashemeji, halafu ndipo magitaa yachemke na watu wainuke. Pande uliloliweka mdomoni kisa kikianza, ulilimeza kwenye chemko, kama meno yako yalikuwa ya kwako. Sasa naambiwa nyama ile ilikuwa ikiachia mfupa yenyewe. Labda ilipofika jikoni kwa moto.

Bia ilikuwa na masharti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vikiwa vimekwisha mwaka 1979 na fedha za kigeni zikiwa hazionekani, tulipanga foleni kwa sukari, kwa sabuni, kwa mafuta ya kupikia, na nyingine tulipanga kwanza ndipo tukauliza kinachouzwa. Bia nayo ililetwa kwa mgawo, na chupa zilikuwa adimu kuliko bia yenyewe. Sheria ya baa yetu ikawa moja: huna chupa tupu, hunywi. Kwa hiyo nilipomtoa kwa mara ya kwanza binti niliyekuwa nikimtaka, nilivaa shati la mikono mirefu, nikachana nywele, nikapaka mafuta ya nazi, nikabeba kikapu cha chupa tupu.

Kikapu hakikuwa na adabu. Kila penye shimo kililia kwalala kwalala, na barabara za Magomeni hazikukosa mashimo. Watoto wakatufuata nyuma. Mama mmoja akatoka uani na chupa mbili za mafuta ya taa, akaniuliza leo nanunua bei gani. Nikamwambia mimi si mnunua chupa. Akanitazama, akakitazama kikapu, akaniambia basi niache tamaa, nitaje bei nzuri. Binti alikuwa ameshanitangulia hatua kadhaa, anatembea kama asiyenijua.

Tulipoketi, mhudumu akauliza kama tunataka ya moto au ya baridi. Lilikuwa swali la heshima tu, friji ilikuwa haijapona tangu masika. Nikamwagizia binti soda, na moyo ukanipasuka: soda nayo ilitaka chupa ya soda, nami nilibeba za bia peke yake. Binti akafungua mkoba wake wa kitambaa, akatoa chupa tupu ya soda iliyooshwa vizuri, akaiweka mezani bila neno. Ndiye mke wangu hadi leo.

Mafuta ya magari nayo yalikuwa shida, na ili kuyabana serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jirani yetu mwenye Peugeot, mzee wa kanisani, alipita baa Jumapili moja baada ya ibada kunywa supu ya makongoro. Mazungumzo yakanoga. Alipokumbuka kutazama saa, ilikuwa saa nane na nusu. Askari walikuwa barabarani, yeye ni mtu wa sheria, basi akaliacha gari chini ya mwembe, akarudi kwa miguu, akala chakula cha usiku na familia yake, akalala. Asubuhi mtaa mzima ulishajua kwamba mzee amekesha baa. Mashahidi hawakuhesabika, na ushahidi ulikuwa na namba za usajili. Hata mkewe aliingiwa na shaka, ingawa walilala kitanda kimoja.

Upande wa muziki, uongo umevaa suti. Wazee wanaapa kwamba Sikinde ilipiga pale kila Ijumaa. Sikinde! Mlimani Park Orchestra, ndiyo Sikinde yenyewe, ilianzishwa mwaka 1978, DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, wakaichukua mwaka 1983, na kila mpenzi wa dansi anajua kuwa nyumbani kwao kukawa DDC Kariakoo. Wapinzani wao Msondo, waliozaliwa kwa jina la NUTA Jazz mwaka 1964, walikuwa na ukumbi wao wa Amana kule Ilala. Vijana Jazz walijaza ukumbi Kinondoni. Muhiddin Gurumo, aliyeimba Msondo akaimba na Sikinde, na kugawa mji kwa kuhama kwake, alikuwa na kumbi za kutosha bila ya jukwaa letu la zege. Lakini jaribu kulisema hilo kijiweni. Utaambiwa ulikuwa mlevi, hukumbuki.

Ukweli ni kwamba siku zile bendi kubwa zilikuwa na waajiri. Vyombo vilitoka nje, na mtu wa kawaida asingeweza kuviagiza, kwa hiyo vilimilikiwa na wenye uwezo: jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na bendi, jeshi bendi, polisi bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki bendi, UDA waliokuwa na mabasi wakawa na bendi, na Shirika la Bima la Taifa likawa na Bima Lee. Mtu alipuliza tarumbeta akapokea mshahara wa mwezi. Kijana wangu anayetafuta mfadhili wa video yake hajaniamini hadi leo.

Baa yetu haikuwa shirika wala kiwanda, ikapata waliobaki. Watu watano, magitaa mawili, tumba, tarumbeta, gitaa la besi, na amplifaya iliyofunguliwa mgongo ipate hewa. Mpiga besi alikuwa fundi cherehani mchana, na sikukuu zikikaribia hakuonekana jukwaani, nguo za watu hazijaisha. Idi zote tulicheza bila besi. Na sasa nasikia kila mtu alikuwa akikaa karibu na jukwaa. Karibu na choo hakukaa yeyote, ingawa mimi nilikaa huko miaka yote na sikuwahi kukosa wa kupiga naye soga.

Mwimbaji wetu alikuwa mtu wa jasho, na jasho lilimfaa, maana kutunza wakati ule ni kumbandikia msanii noti kwenye paji la uso, na kwake noti haikudondoka. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi wimbo ulinishika pabaya. Nikapanda jukwaani, nikachomoa noti iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati, nikambandika kwa kishindo. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Nikarudi kitini nimevimba kifua, hadi mke wangu aliponiuliza kwa nini nimemtunza mtu risiti ya dobi. Meza za mbele zilikuwa zimeshaisoma: suruali moja, mashati mawili. Mwimbaji aliimba nayo hadi mwisho, kisha akaitia mfukoni pamoja na noti za wengine, kama mtu anayejua kazi yake.

Jumatatu nilipokwenda kumweleza dobi masaibu yangu, akanijibu kwamba risiti imeshaletwa na nguo zimeshachukuliwa. Ijumaa niliiona suruali yangu jukwaani, ile ya tetroni rangi ya kahawia, miguu bwaga. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi, na mke wangu alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Hayo hayasimuliwi kijiweni. Kinachosimuliwa ni usiku ule umeme ulipokatika, na kila mtu alikuwepo. Kwa idadi ya waliokuwepo, ingebidi wengine wakae Manzese. Mimi nilikuwepo, kabla sijaoa, na nilikuwa nimemuaga baba kwamba nakwenda masomo ya jioni. Katikati ya chemko magitaa yakafa, sauti ya mwimbaji ikafa, giza likatuangukia. Tumba na tarumbeta havihitaji umeme, havikunyamaza hata kidogo. Hakutoka mtu. Kusema kweli bendi yetu haikuwahi kupiga vizuri kama usiku ule ilipopungukiwa zaidi ya nusu ya vyombo vyake.

Gizani nami nikawa mchezaji. Hakuna anayekuona, basi kiuno kinakumbuka mambo ambayo hakijafundishwa. Mbele yangu palikuwa na mtu mwenye ari kama yangu. Nikienda kushoto anakwenda kushoto, nikishuka anashuka, tukagongana mabega, tukacheka, tukaendelea. Nilianza kumpenda mtu yule. Umeme ukarudi ghafla kama ulivyoondoka. Alikuwa baba mdogo, tai ameifunga kichwani, shati wazi hadi kitovuni. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemuaga mama mdogo kwamba anakwenda kuzika Kibaha.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba.”

Tarumbeta ilikuwa bado inalia. Kuacha kucheza ingekuwa kukiri jambo.

“Msiba umekwendaje?” nikamuuliza.

“Tumezika salama. Masomo?”

“Yanaendelea vizuri.”

Tukaumalizia wimbo, akaenda kukaa upande wake, nami upande wa choo, na kwa miaka yote iliyofuata hatukulizungumza jambo lile hata tulipokutana palepale, na tulikutana sana.

Majuzi tulikuwa na shughuli ya familia, kuozesha. Baada ya chakula wazee wakajikusanya chini ya turubai, na haikuchukua muda baa ikafufuliwa. Safari hii ilikuwa imepata ghorofa. Mpwa wangu, aliyezaliwa baa ikiwa tayari ni kifusi, akasema anachokumbuka yeye zaidi ni harufu ya ile biriani ya Ijumaa. Wazee wakatikisa vichwa kwa kumuunga mkono. Mmoja akataja aina ya mchele.

Nikasema pale haikupikwa biriani hata sufuria moja. Wakanizomea. Nikataja ubao, nikataja chaki, nikamtaja mwenzetu wa saa nne asubuhi. Wakasema nina wivu. Nikaona hapa pana shahidi mmoja tu asiye na sababu ya kudanganya, mtu mzima kuliko sisi sote, nikamgeukia baba mdogo. Amepita miaka themanini sasa, masikio mazima, alikuwa ameketi na mama mdogo wakimenya machungwa.

“Baba mdogo, hebu waambie hawa. Pale kulikuwa na biriani?”

Akalifuta chungwa lake taratibu, bila kuinua macho.

“Pale wapi? Mimi sijawahi kukanyaga huko.”

“Kweli kabisa,” akadakia mama mdogo. “Miaka ile mwenzenu alikuwa hana nafasi. Kibaha walikuwa wanakufa watu, jamani! Na wote wanakufa mwisho wa mwezi.”