Inaingia Tu

Mzee kaenda duka la vifaa vya simu kuulizia betri ya kifaa chake cha kusikia: namba 312, yenye kibandiko cha kahawia. Kijana kampa 13, ya rangi ya chungwa. “Inaingia tu, mzee wangu.” Upana kweli ni ule ule, milimita 7.9, ila kimo cha 13 ni 5.4 na cha 312 ni 3.6, kwa hiyo kimlango kikagoma kufunga. Dawa yake ipo: gundi ya karatasi.

Kisha, kwa ukarimu uliopitiliza, kijana akabandua vibandiko vya betri zote sita za pakiti, mzee asije kuhangaika na kucha. Betri hizi za zinki huamshwa na hewa. Ukishabandua, zinaanza kujimaliza zenyewe hata zikiwa mfukoni. Huduma kwa mteja hiyo.

Kikofia cha mpira cha kifaa? Kipo, cha kampuni nyingine, kinapwaya kidogo. Kikibaki sikioni, si ndiko kwake? Na kichujio cha nta ya sikio, ambacho umbo lake hutegemea kifaa, kijana keshakitafutia pini.

Mzee akauliza dhamana. Ipo, akajibiwa, mpaka pale mlangoni.