Sifa za Bwana Lini

Waanzilishi wa teknolojia wamesifiwa vya kutosha. Hata panya wa maabara ana sanamu yake huko Novosibirsk, Urusi. Lakini sijaona aliyeshika kalamu amsifu Bwana Lini, yule ambaye programu ya kuundia michezo ya kompyuta ikitoa toleo jipya asubuhi, kabla ya chai ya saa nne ameshawaandikia watengenezaji: "Na sisi wa Linux lini?"

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana Lini hainami. Yeye anataka kujua kitanda kitainuliwa lini.

Wasio na shukrani humwita msumbufu. Hao hawajui historia. Unity, injini mojawapo ya kuundia michezo, ilipozinduliwa mwaka 2005 ilikuwa ya wenye Mac peke yao. Watu wa Windows, yaani karibu ulimwengu mzima, walikaa nje wakipiga hodi hadi 2009. Wa Linux walionjeshwa toleo la majaribio mwaka 2015. Kwa miaka mingi hata rangi nyeusi ya skrini ya Unity ilikuwa haki ya aliyelipia leseni, na asiye na kitu akikesha kazini alikodolea macho ule weupe mpaka machozi yakamtoka. Mwaka 2020 weusi ukawa wa bure. Sina ushahidi kwamba ni kelele za Bwana Lini zilizoleta neema hizi, ila mtu anayeomba kila kitu hakosi kuwa nabii wa kitu kimoja.

Heshima yake kubwa, hata hivyo, iko kwa Godot. Injini hiyo ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 msimbo wake ukafunguliwa kwa yeyote autakaye. Jina walilitoa kwenye tamthilia ya Samuel Beckett, ambamo watu wawili wanamngoja mtu asiyefika, kwa kuwa hamu ya kuongeza hiki na kile kwenye programu nayo haina mwisho. Nitajieni bidhaa nyingine iliyobatizwa kwa heshima ya mteja wake msumbufu.

Hapo ndipo anapouliza swali lake tukufu kuliko yote: konsoli lini? Hujibiwa kwa upole kwamba wenye PlayStation, Switch na Xbox huwapa zana zao wale tu waliotia saini mkataba wa usiri, na siri haiwezi kuwekwa ndani ya msimbo unaosomwa na dunia nzima. Anayetaka kufika huko hupitia kampuni zinazofanya kazi hiyo ya kuhamisha michezo. Bwana Lini hushukuru, huelewa, na kesho yake huuliza tena. Wengine wanaona huo ni usahaulifu. Mimi naona ni tumaini linalooshwa kila usiku ili asubuhi livaliwe likiwa safi.

Tena ni mkadiriaji hodari. Hajawahi kuandika mstari wa msimbo, lakini anajua kwa hakika kwamba analoomba "ni jambo dogo tu". Wataalamu waliosota miaka na injini ya michoro hawana uhakika wa namna hiyo.

Wakuu wa Godot waliwahi kumtilia kizingiti cha kikatili: anayependekeza jambo aeleze kwanza mradi anaoufanyia kazi na tatizo alilokumbana nalo humo. Mradi! Bwana Lini hana mradi. Atauanzaje mchezo ilhali konsoli bado? Akaandika kwamba mradi wake ni wa siri, akaendelea mbele. Na tumpe haki yake: mchezo wake ndio pekee sokoni usio na hitilafu hata moja.

Niweke kejeli pembeni kidogo. Kijana wa Mbagala au Kisumu mwenye simu ya Android na asiye na kompyuta, naye akiuliza lini, huwekwa kwenye foleni hiyo hiyo ya wasumbufu, ingawa yeye mchezo anao kichwani na kinachokosekana ni mahali pa kuutengenezea. Mwaka 2022 kihariri cha Godot kikaingia kwenye Android. Kijana akapakua, akaanza kazi. Bwana Lini naye akapakua, akaona vitufe ni vidogo mno kwa kidole gumba chake, akaketi kuandika.