Jinsi ya Kuishi na Gari Linalojiwasha Taa

Anza kwa kulivua nguo. Kile kitambaa cha manyoya ulichotandika juu ya dashibodi ya Noah yako, chenye nembo ya timu yako, kinapendeza kweli, lakini kimelifumba gari jicho. Kiinue. Karibu na kioo cha mbele utakuta kidude cheusi cha mviringo, kidogo kama kifungo cha koti. Hicho ndicho kinachopima mwanga na kuamua taa ziwake au zizime. Ukikifunika, gari linadhani ni usiku, na taa zinawaka saa sita mchana.

Ukishalifunua jicho, ulijue. Linapima mwanga, halipimi ukungu wala vumbi. Japani imeagiza kwamba modeli mpya za magari, kuanzia Aprili 2020, ziwashe taa zenyewe mwanga ukishuka chini ya laksi 1,000. Ukungu wa huku kwetu Buha saa mbili asubuhi ni mweupe kama uji wa mchele na unang'aa kupita kiwango hicho, hata kama huoni bampa ya gari lililo mbele yako.

Niliwahi kutoka Kasulu kwenda Kibondo nikiwa abiria, asubuhi ya namna hiyo. Nyuma ya dereva alikaa mama mmoja amepakata dumu la mawese.

"Mwanangu, mbona taa hazijawaka?"

"Mama, hii ni ya kisasa. Inajiwasha yenyewe."

Tulipopita Makere, kwenye mteremko, baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ilitokea mbele yetu ikikwepa shimo. Dereva akakata usukani. Tulipona sote, ila mkaa ulitapakaa barabara nzima. Mwenye baiskeli alikuwa anatetemeka, akarudia neno moja: "Sikukuona, kaka. Sikukuona." Dereva alishuka akaokota naye mkaa hadi kipande cha mwisho, kisha akarudi kwenye usukani na kuzungusha swichi kwa mkono wake. Nilimpenda kwa hilo.

Kwa hiyo ukungu ukishuka, mvua ikikaza, au lori la Fuso likikuachia vumbi jekundu usoni, zungusha swichi mwenyewe. Usidanganywe na zile taa ndogo za mchana zinazowaka mbele: kwenye magari mengi, zikiwaka hizo peke yake, nyuma kunabaki giza, na basi linalokufuata halikuoni.

Taa kubwa nazo zina lao. Gari linaloshusha fulu lenyewe hutafuta taa za magari mengine. Mwanafunzi anayetembea bila tochi, au baiskeli isiyo na taa, hahesabiki. Mshushie wewe. Huyo ni mtoto wa mtu, na ukimpofusha hajui mtaro uko upande gani.

Tangu barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, ianze kuwekewa lami, mwendo umepanda, na breki za ABS zimepata kazi. Ukikanyaga kwa dharura, pedali itatetemeka chini ya mguu. Usiogope, usiachie: ndivyo zinavyofanya kazi, na usukani bado unakusikiliza. Ukiingia njia ya changarawe, ongeza nafasi. Huko ABS huchelewa kusimamisha gari, kwa sababu matairi hayajifungi na kukusanya kokoto mbele yake.

Na mkanda usiufunge nyuma ya kiti ili kuinyamazisha kengele. Puto la usalama limetengenezwa likupokee ukiwa umefungwa mkanda. Bila mkanda unalifuata kifuani wakati lenyewe linakulipukia. Wala usimpakate mtoto kiti cha mbele.

Vioo vya taa vioshe kwa maji mengi kabla ya kusugua, maana vumbi letu ni msasa.

Mwisho, kabla ya kutoka stendi, rudi kinyumenyume hadi karibu na ukuta. Washa taa, kanyaga breki, tazama kwenye kioo cha pembeni. Ukutani yatokee madoa mawili mekundu. Likitokea moja, waombe abiria radhi, washushe mizigo kivulini, uende kwanza kwa fundi umeme.