Sifa za 12345678

Wengine na wayasifu maporomoko ya Rusumo na boma la Wajerumani pale Biharamulo. Mimi namsifu 12345678, neno la siri la waifai ya nyumbani kwangu, Ngara mjini.

Kwanza, ni mtii wa kanuni. Ulinzi wa waifai unataka herufi au tarakimu zisizopungua nane; yeye ametimiza nane, hakuongeza hata moja.

Pili, anajua ujirani kuliko mimi. Zamani jirani alipiga hodi akiomba chumvi. Siku hizi hasumbui mtu: tangu magharibi yuko nyuma ya ukuta wangu, ameegemea mgomba, simu inammulika uso. Watoto wa mtaa nao wananipa shikamoo tatu kwa siku, zote karibu na dirisha.

Tatu, ni msafiri. Nilimpa shemeji peke yake. Wiki haijaisha, lori likaegeshwa nje, simu ya dereva ikaunganishwa bila kuuliza. Alipewa na dereva mwenzake pale Nyakanazi, zinapokutana barabara za Rusumo, Kigoma na Kahama.

Nne, amenipa umaarufu. Laini iliyomo kwenye ruta imesajiliwa kwa alama ya kidole changu. Basi mtu akitukana wenzake kupitia kwangu, au akituma ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ikianza kuuliza, mlango wa kwanza kugongwa ni huu wangu.

Wachoyo hawakosi la kusema. Wananitajia umeme wa Rusumo: megawati 80, Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana, tena kwa mkataba. Maji ya Mungu yana mkataba, bando la kununua halina! Wanasema pia ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri, ambao ukiwekwa vizuri haumfikishi mgeni kwenye kompyuta na printa ya mwenye nyumba. Wahenga walitaka mgeni wa siku ya tatu apewe jembe. Wageni wa 12345678 wana miezi minane, jembe hawajaliona.

Jana nimemstaafisha. Mrithi wake ana herufi 16. Leo nimepata shikamoo moja tu, ya mwanangu, naye alikuwa anauliza neno jipya. Chumvi ipo, anayeitaka apige hodi.